Kununua Magari ya Zamani ya Marekani Yaliyokarabatiwa na Yaliyogeuzwa

Gari la zamani la Marekani linalouzwa leo ni nadra kuwa kama lilivyotoka kiwandani. Chevrolet Bel Air ya 1957, Ford Mustang ya 1965, Chevrolet Camaro ya 1969 au Dodge Challenger ya 1970 iliyo hai hadi sasa imekwisha kupita gereji moja au zaidi. Imechomelewa, imepakwa rangi upya, pengine imebadilishwa injini, gia boksi na waya zote. Anayeinunua ananunua kazi mbili kwa pamoja: ya kiwanda, na ya fundi aliyekuja baadaye. Kazi ya kiwanda inajulikana na imeandikwa vitabuni. Kazi ya fundi haijulikani mpaka ikaguliwe, na mara nyingi hiyo ndiyo huamua kama fedha zimekwenda mahali pake.

Aina za magari na vipimo vyake

Gari lililokarabatiwa ili lirudi katika hali yake ya awali hupimwa kwa kulinganishwa na kiwanda. Injini iwe ileile au ya namna ileile, rangi iwe ile iliyoagizwa, na hata alama za chaki chini ya gari ziwe mahali zilipokuwa. Thamani ya gari kama hilo imo katika ukweli wake, na ukweli huo huthibitishwa kwa namba na karatasi.

Gari lililogeuzwa lina bodi ya zamani juu ya mitambo mipya: injini ya kisasa yenye kompyuta, breki za diski, gia 6, kiyoyozi. Hapa kiwanda si kipimo tena. Kinachopimwa ni ustadi wa fundi, na kama sehemu zote alizoweka zinafanya kazi pamoja. Mnunuzi anayechanganya vipimo hivi viwili hupoteza kwa njia mbili: hulipa bei ya gari halisi kwa nakala, au hukataa gari lililogeuzwa vizuri kwa sababu tu injini yake si ya mwaka 1969.

Yapo pia magari yasiyoguswa, yenye rangi yake ya kwanza iliyochakaa. Hayo yasidharauliwe. Mustang GT ya 1968 aliyoendesha Steve McQueen katika filamu ya *Bullitt* iliuzwa mnadani Kissimmee, Florida, Januari 2020, ikiwa haijakarabatiwa, na nyundo iligongwa kwenye dola milioni 3.4. Bodi iliyochakaa lakini haijafunikwa humwonyesha mnunuzi kila kitu. Rangi mpya inayong'aa humfichia.

Kuna sababu nzuri ya kununua gari lililokwisha kutengenezwa badala ya kuanza na mkweche. Ukarabati kamili, ambao bodi huvuliwa na kila boliti kufunguliwa, kwa kawaida hugharimu zaidi ya bei ambayo gari litauzwa likikamilika. Aliyeanza kazi ndiye hubeba hasara hiyo, na anayenunua mwishoni huipata kazi yote kwa bei pungufu. Faida hii hudumu iwapo tu kazi ilifanywa kweli.

Kabla ya safari: namba na karatasi

Ukaguzi wa namba hutangulia ukaguzi wa bati, kwa sababu hauhitaji nauli. Muuzaji ambaye hataki kutuma picha ya namba ya chasisi amekwisha kutoa jibu.

Magari ya Marekani yalianza kutumia namba ya tarakimu na herufi 17 kwa utaratibu mmoja kuanzia modeli za 1981. Kabla ya hapo kila kampuni ilikuwa na mpango wake, na katika baadhi ya modeli herufi moja tu hutenganisha gari la kawaida na gari adimu.

KISANDUKU: NAMBA INASEMA NINI
– Ford Mustang ya 1965 hadi 1967: alama ya tano ni injini. T ni silinda 6 ya inchi za ujazo 200. C ni V8 ya 289 yenye kabureta ya midomo miwili. K ni 289 ya nguvu farasi 271, nayo ndiyo yenye thamani kubwa kati ya hizo.
– Dodge Challenger ya 1970: alama ya tano pia ni injini. R ni Hemi ya 426, V ni 440 yenye kabureta tatu.
– Pontiac GTO ya 1966 hadi 1971: namba huanza na 242. Ya 1964 na 1965 ilikuwa LeMans iliyoongezewa vifaa, hivyo namba haitoshi.
– Chevrolet Chevelle SS ya 1966 hadi 1968: namba huanza na 138. Ya 1969 na 1970 namba haionyeshi kama ni SS.
– Chevrolet Camaro ya 1967 hadi 1969: namba haionyeshi kama gari ni SS wala Z/28.

Mistari miwili ya mwisho ndiyo chimbuko la nakala nyingi sokoni. Camaro ya kawaida ikiwekewa boneti, nembo na injini inayofaa, kwa macho haitofautiani na SS. Kutengeneza nakala si kosa, na nakala nzuri ni gari zuri la kuendesha. Kosa ni kuiuza kwa bei ya gari halisi. Pale namba isipotosha, karatasi ndizo zitakazosema. Kwa magari ya Ford kuanzia 1967, Marti Report hutolewa kutoka kwenye kumbukumbu za kampuni na huonyesha gari liliagizwa na nini. Kwa Pontiac, kazi hiyo hufanywa na huduma ya kumbukumbu iitwayo PHS. Kwa Dodge na Plymouth hutafutwa kibati chenye misimbo ndani ya fenda, pamoja na karatasi ya kiwandani ambayo mara nyingi hukutwa imesahauliwa kwenye springi za siti ya nyuma. Kwa Chevrolet mambo ni magumu zaidi, na pasipokuwa na karatasi ya mauzo ya awali au nyingine ya wakati ule, ni salama kulihesabu gari kuwa nakala na kulilipia hivyo.

Hatua za kufuata:

1. Iombwe picha ya namba ya chasisi ikiwa bado kwenye gari, na picha ya hati ya umiliki. Namba hizo zilingane tarakimu kwa tarakimu, na jina kwenye hati liwe la muuzaji.
2. Zichunguzwe ribiti zinazoshika kibati cha namba. Kuanzia katikati ya miaka ya 1960, magari ya General Motors yalitumia ribiti zenye umbo la ua. Ribiti za kawaida za dukani, au dalili kwamba kibati kiliwahi kubanduliwa, ni sababu ya kuacha.
3. Iulizwe kama hati ina alama ya gari lililopata ajali kubwa au mafuriko, na kama kuna mkopo usiolipwa juu yake.
4. Ziombwe risiti na picha za kazi ilipokuwa ikiendelea. Fundi aliyevua bodi yote hupiga picha. Albamu ya picha za bati lililo wazi kabla ya rangi ina uzito kuliko maelezo yoyote ya muuzaji.
5. Kwa gari linalodaiwa kuwa na injini yake ya kwanza, iangaliwe namba iliyopigwa kwenye bloku. Kuanzia modeli za 1968 sehemu ya namba ya chasisi hupigwa pia kwenye injini na gia boksi. Tarehe iliyosubuliwa kwenye bloku ni lazima itangulie tarehe ya gari kuundwa. Bloku yenye tarehe ya Machi 1969 haiwezi kuwa ya kwanza katika gari lililoundwa Januari mwaka huo.

ONYO: Siku hizi bodi mpya kabisa za Mustang na Camaro za miaka ya 1960 hutengenezwa na kuuzwa. Bodi hizo ni imara. Hatari ni pale namba ya gari lililooza inapohamishiwa kwenye bodi mpya. Kuhamisha au kuchezea namba ya chasisi kunaweza kuwa jinai nchini Marekani, na gari linaweza kukamatwa hata kama aliyelinunua hakujua.

Bati

Injini ya V8 ya Chevrolet inapatikana kila jimbo na spea zake ni nafuu. Bati lililooza ni kazi ya miezi. Ndiyo maana muda mwingi wa ukaguzi utumike kwenye bodi na chini ya gari, wala si kwenye injini inayong'aa.

Kutu ya magari haya haianzii pale inapoonekana. Huanza kwa maji yaliyonaswa ndani, na kila modeli ina mahali pake pa kunasa maji. Katika Mustang za miaka ya 1960, maji huingia kwenye tundu za hewa chini ya kioo cha mbele, huozesha bati lililojificha humo, kisha huchuruzika hadi sakafuni. Kuziba sehemu hiyo ipasavyo kunadai kukata bati na kuchomelea, kwa hiyo wengi hulaza zulia jipya na kuuza. Kipimo chake ni rahisi: kwa ruhusa ya mwenye gari, maji kidogo humiminwa taratibu kwenye tundu hizo huku mtu mwingine akiangalia kwa tochi chini ya dashibodi, upande wa kulia na wa kushoto. Maji yakitokea ndani, gari lina tatizo ambalo rangi mpya haikuligusa.

Camaro ya 1967 hadi 1969 huoza sakafu ya buti, sehemu ya chini ya ubavu nyuma ya milango, na kingo za kioo cha mbele na cha nyuma. Chevelle ina chasisi kamili chini ya bodi, nayo huoza nyuma, pale inapopanda juu ya ekseli. Kwa Dodge na Plymouth hukaguliwa boriti inayobeba torsheni ba chini ya viti vya mbele. Corvette humdanganya mnunuzi mgeni kuliko zote. Bodi yake imekuwa ya faibaglasi tangu 1953 na haishiki kutu, lakini fremu ya chuma inayozunguka kioo cha mbele na milango hushika, na haionekani bila kufungua mapambo. Gari lolote lililofunikwa paa kwa ngozi bandia likaguliwe kwa vidole chini ya kioo cha nyuma. Vipele vinavyohisika chini ya ngozi hiyo ni kutu.

Utaratibu wa ukaguzi wa bati:

1. Gari lionekane mchana, likiwa kavu. Gari lililooshwa na bado lina maji huficha mawimbi ya rangi.
2. Mkaguzi achuchumae kwenye kona ya gari na kuangalia ubavuni kwa urefu wake. Taswira ya jengo au uzio kwenye rangi inyooke. Ikijipinda, chini yake kuna puti.
3. Sumaku laini iliyofungwa kwa kitambaa ipitishwe chini ya milango, kuzunguka matairi na chini ya taa za nyuma. Pasiposhika, hapo si bati.
4. Kama ipo, itumike geji ya unene wa rangi. Rangi ya kiwandani huwa karibu maikroni 100 hadi 150. Rangi iliyorudiwa vizuri inaweza kufika 300 hivi. Kipimo kikipita 1,000 hapo kuna puti nene, na swali la kumuuliza muuzaji ni kwa nini ilihitajika.
5. Nafasi kati ya milango, boneti na fenda zipimwe kwa macho. Upana wake ulingane juu na chini. Mlango unaoshuka ukifunguliwa ni dalili ya bawaba zilizochakaa au, kibaya zaidi, boriti zilizolegea.
6. Gari liinuliwe kwa mashine ya gereji. Hatua hii isirukwe kamwe. Chini hutafutwa viraka vilivyobandikwa juu ya kutu, chomeleo lenye matone na mapengo, na rangi nyeusi nzito ya lami iliyopakwa juzi. Lami mpya chini ya gari linalodaiwa kukarabatiwa miaka 10 iliyopita imewekwa kuficha kitu.
7. Zulia la buti na la miguuni linyanyuliwe.

Injini na mwendo

Muuzaji aombwe asiiwashe injini siku ya ukaguzi. Injini iliyopoa husema kweli, na mkono juu ya boneti hutosha kujua kama ombi limeheshimiwa. Moshi wa bluu unaotoka mara tu injini inapowaka kisha kukoma mara nyingi hutokana na sili za valvu. Ukiendelea wakati wa kuongeza mwendo, ringi za pistoni zimechoka. Moshi mweupe mzito usioisha, pamoja na oili yenye rangi ya maziwa, ni dalili ya gasketi ya silinda hedi. Injini ikishapata moto, presha ya oili iwe takriban pauni 10 kwa kila mizunguko 1,000.

Jaribio la barabarani lichukue nusu saa au zaidi, tena lipite kwenye foleni, maana mengi ya magari haya huchemka yakiwa yamesimama, si yakiwa mwendoni. Gari lenye breki za ngoma pande zote halitasimama kama la leo, na hilo si ubovu. Lakini masta silinda ya njia mbili ilienea katika magari ya Marekani kuanzia modeli za 1967. Katika gari la kabla ya hapo lenye njia moja, bomba moja likipasuka breki zote huondoka. Mnunuzi anayekusudia kuendesha kila wiki apange kuibadilisha, hata kama gari limerejeshwa kama la kiwandani.

Gari lililogeuzwa: maswali yake

Mabadiliko yanayopendwa sana ni kutia injini ya LS ya General Motors, iliyoanza na Corvette ya 1997, au Coyote ya lita 5 ya Ford, iliyoingia kwenye Mustang ya 2011. Sababu yake ni ya kweli. Kipimo cha nguvu kilichotangazwa hadi 1971 kilichukuliwa injini ikiwa peke yake mezani, bila vifaa vyote vinavyoilemea ndani ya gari. Kuanzia 1972 kipimo kilibadilishwa, namba zikashuka. Hivyo LS3, mojawapo ya injini hizo za LS, yenye nguvu farasi 430 za kipimo cha sasa haiko nyuma ya Chevelle ya 1970 iliyotangazwa kuwa na 450, huku ikiwaka asubuhi ya baridi bila kubembelezwa.

Ubovu wa magari yaliyogeuzwa hauko kwenye injini yenyewe. Uko kwenye vile vinavyoizunguka, ambavyo fundi mwenye haraka huviacha. Injini ya LS inahitaji mafuta kwa presha ya pauni 58 kwa inchi ya mraba, ilhali kabureta ilihitaji takriban pauni 6. Kwa hiyo lazima pampu, mabomba na mipira viwe vimebadilishwa, na ni vizuri zaidi pampu ikiwa ndani ya tangi. Mpira wa kabureta uliofungwa kwa klipu ya kawaida kwenye mfumo wa presha hiyo ni hatari ya moto, na gari la hivyo lisiendeshwe hata kwa majaribio.

Maswali ya kumuuliza muuzaji, kila moja likiwa na jibu la risiti:

□ Nani alifanya kazi, na anapatikana kwa simu?
□ Pampu ya mafuta ni ipi, iko wapi, na mabomba ni ya presha gani?
□ Waya ni seti mpya kamili, au za zamani zilizounganishwa kwa mkanda? Mchoro wa waya upo?
□ Difu ni ipi? Difu nyepesi ya boliti 10 ya GM haitadumu chini ya injini yenye nguvu mara mbili. Ford ya inchi 9 au Dana 60 hudumu.
□ Breki ziliongezwa pamoja na injini? Pedali si ngumu injini ikiunguruma bila kukanyagwa mafuta? Kamshafti kali hupunguza mvutano wa hewa, na busta ya breki hukosa nguvu.
□ Matairi mapana hayagusi fenda usukani ukikatwa mpaka mwisho?
□ Fremu ilikatwa wapi, na nani alichomelea?

Jibu la swali la kwanza lina uzito kuliko mengine yote. Gari lililogeuzwa halina kitabu cha matengenezo, na aliyelijenga ndiye kitabu chake. Asipojulikana, kila hitilafu ya baadaye itaanza kwa kutafuta waya kwa tochi, na bei ipunguzwe kwa kiasi hicho.

Bei na mahali pa kununua

Magari haya hutangazwa na wenyewe, na mawakala, na kwenye jarida la Hemmings lililoanza 1954. Minada mikubwa ya Januari ni ya Barrett-Jackson huko Scottsdale, Arizona, na ya Mecum huko Kissimmee. Mnadani huongezwa ada ya mnunuzi, kwa kawaida karibu asilimia 10 juu ya bei ya nyundo, na magari mengi huuzwa bila kuendeshwa na mnunuzi. Kwa anayenunua mara ya kwanza, mnada ni mahali pa kujifunza bei na kuona magari mengi kwa siku moja. Kununua kwafaa zaidi kwa mwenye gari, nyumbani kwake, ambapo tabia ya matunzo huonekana.

Makosa yanayorudiwa:
– Kununua kwa picha. Mkaguzi wa kulipwa aliye karibu na gari hugharimu kidogo kuliko mlango mmoja kutengenezwa.
– Kuamini hesabu ya gharama za muuzaji kuwa ndiyo thamani. Alichotumia ni historia yake.
– Kulipa kabla ya hati ya umiliki kuonekana.
– Kukatia bima ya kawaida. Bima ya kawaida hulipa thamani iliyochakaa ya gari kuukuu. Inayofaa ni ile ambayo thamani hukubaliwa na kuandikwa tangu mwanzo.

Msomaji anayeishi Dallas au Minneapolis na anayetaka kulipeleka gari Kenya afahamu mapema: sheria ya huko hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye umri unaozidi miaka 8, wala gari la usukani wa kushoto, isipokuwa magari maalumu kama ya wagonjwa na ya zimamoto. Mipango ya aina hiyo ianzie kwa maofisa wa forodha, wala isianzie kwa muuzaji.

Baada ya kununua

Kabla ya safari ya kwanza ndefu, oili, maji ya radieta na mafuta ya breki vibadilishwe, hata kama muuzaji amesema ni vipya. Umri wa matairi husomwa kwenye tarakimu nne za mwisho za msimbo wa DOT ubavuni: 2318 ni wiki ya 23 ya mwaka 2018. Tairi lililopita miaka 10 litolewe, hata kama kashata zake bado ni nzima. Mipira ya mafuta ya zamani ibadilishwe, kwa kuwa petroli ya Marekani ya sasa huchanganywa na ethanoli, nayo hula mpira wa kale. Injini yenye kamshafti ya mtindo wa zamani hutaka oili yenye zinki ya kutosha, ambayo oili nyingi za magari ya sasa zimepunguziwa. Oili hiyo itafutwe kwa jina kwenye maduka ya spea za magari ya zamani, na kopo moja liwekwe kwenye buti.